Naam Sitini, Abee Arobaini

Katika nyumba ile saa haikuwa na mishale. Iliita majina. Jina moja likiitwa, watu waliokaa kwenye benchi walijua kitambo kimepita. Majina kumi yakiitwa, walikunja chakula kilichobaki wakasema siku imekwisha. Wapo waliosema kwamba yakiitwa majina elfu mwanadamu huwa ameshazeeka, lakini hao walikuwa wazee tayari, na hakuna aliyejua kama waliingia hivyo au walizeekea pale pale kwa kusikiliza.

Siwema alikaa mwisho wa benchi, penye ukuta, kama alivyozoea kukaa kila mahali, na mwanawe Pandu kampakata. Mtoto alikuwa na miaka mitano, au alikuwa nayo walipoingia. Ugonjwa wake ulianzia kwenye nyayo. Kwanza aliacha kukimbia, watu wakasema mvivu. Kisha akaacha kusimama. Ulegevu ukapanda magotini, ukapanda kiunoni, kama maji yapandavyo kwenye kitambaa kilichochovywa ncha, na sasa ulikuwa shingoni. Siwema alikishika kichwa cha mwanawe kwa kiganja, kama kinavyoshikwa cha mtoto mchanga. Juu ya shingo kuna kinywa, na ndani ya kinywa kuna pumzi. Alijua njia iliyobaki ni fupi.

Dawa ilikuwepo. Hilo ndilo lililomtesa. Ilikuwa ndani ya kabati la kioo mwisho wa ukumbi, chupa ndogo zenye rangi ya chai ya rangi, zimepangwa, kila mtu anaziona. Lakini kabati lenyewe halikuwa na tundu la ufunguo. Lilifunguka kwa neno moja tu, na neno hilo lilitoka katika Kitabu. Msomaji alichukua tone la damu ya mgonjwa, akalisoma, akalilinganisha na damu zote zilizoandikwa Kitabuni. Kitabu kikisema "Ugonjwa", kabati lilifunguka lenyewe. Kikisema kingine chochote, basi.

"Nyie wa wapi?" aliuliza mwanamke mnene aliyekaa naye bega kwa bega. Jina lake Bi Kazija. Alikuwa ameshajitambulisha mara tatu, na kila mara kama ndiyo kwanza.

"Pambizoni," Siwema akasema, kwa sauti iliyomfanya mwenzake amwinamie.

"Mmo Kitabuni?"

"Tumo. Ukurasa mmoja."

"Basi una bahati, mwanangu. Sisi tumeandikwa 'Wengineo'. Neno moja, na mstari chini yake. Nikamuuliza karani, hao Wengineo ndio kina nani? Akasema ndio nyinyi. Nikamwambia, haya, nitafutie wachumba, nina mabinti wanne wa Kiwengineo hawajaolewa." Akacheka peke yake mpaka benchi likatikisika. Kisha akageuka pembeni. "Nimemleta mume wangu. Au kaka yangu. Wallahi nimekaa hapa mpaka nimesahau ni nani, na mwenyewe hasemi."

Pembeni yake palikuwa na nafasi tupu, imefunikwa kanga vizuri.

"Pandu wa Siwema!" karani akaita kutoka dirishani kwake.

"Abee," Pandu akaitikia.

Benchi zima likacheka. "Abee! Mleteni bibi harusi!" Bi Kazija akasema, akijifuta macho.

"Sema naam, baba," Siwema akamnong'oneza mwanawe. "Abee ni ya wanawake. Wewe mwanamume."

"Mbona wewe unasema zote mbili?"

Siwema akamweka sawa kichwa kiganjani. Karani hakuinua kichwa. Aliandika: Yupo.

*

Chumba cha Kitabu kilikuwa kimejaa Kitabu. Mtu aliingia kwa ubavu. Kurasa zilianzia sakafuni zikapotelea juu, na karibu zote zilikuwa za watu wa Mji wa Juu, kila mtu na ukurasa wake, na babu zake, na madoa ya ngozi yake, na namna anavyopiga chafya akitazama jua. Waliokiandika walianza na wao wenyewe, kama mtu anavyoanza kujipakulia. Si kwamba walikuwa na choyo. Chungu kilikuwa kwao na mwiko ulikuwa kwao, na waliposhiba wakasahau kwamba sinia lilikuwa la wote. Baadaye waliposema "mtu", walikuwa na maana ya mtu wa kurasa zile. Na mwingine yeyote alipokuja, walimpima kwa mtu huyo, wakashangaa kwa nini hakuenea.

Msomaji alikuwa Bi Raya, mwanamke mwembamba mwenye miwani na uso wa mtu aliyezoea kuomba radhi. Alichoma kidole cha Pandu, akalitazama tone kwa muda mrefu.

"Mama Pandu, nimeliona," alisema. "Kuna neno limepinda katika damu yake. Hapa. Kwa watu wa Mji wa Juu halipo hata kwa mmoja."

 Siwema alitazama kabati kupitia mlangoni.

"Ningekuwa na kurasa zao tu, ningesema ni ugonjwa bila kupepesa jicho. Lakini nyinyi mna ukurasa wenu, na haki yenu ni kusomewa kwa ukurasa wenu." Alivuta karatasi moja nyembamba iliyobanwa katikati ya nyingine. "Watu mia wa Pambizoni. Na wote mia, mama Pandu, wanalo neno hilihili. Jambo lililo kwa watu wote haliitwi ugonjwa. Ndivyo mlivyoumbwa."

"Lakini hatembei."

"Hawa mia walitembea. Imeandikwa: walifika kwenye meza ya kutolea damu kwa miguu yao."

Kitabu kikasema, kwa sauti ya karatasi: Kawaida. Kabati halikutikisika.

Siwema aliinama juu ya ukurasa. Alikuwa ameishia darasa la nne, lakini majina aliweza kuyasoma. Shaha Mbaruku. Mwanashari Dadi. Jumbe Kitwana. Mize Kheri. Alisoma kimoyomoyo, na kila alipofika kwenye jina, kidole chake kimojawapo kiliuma.

*

Huko Pambizoni mtu haitikii sauti ya asiyemwona. Ukiitwa kutoka nyuma ya nyumba, unanyamaza. Ukiitwa mara ya pili, unanyamaza. Mara ya tatu huenda ni mtu, lakini nani wa kungoja ya tatu? Kwa sababu vipo vitu vinavyoita, na aliyevijibu amekwenda. Lakini kunyamaza nako kuna hatari yake, maana kinachoita hakiondoki mpaka kijibiwe. Ndiyo sababu kijiji hakikukosa mwitikiaji: mtu mmoja asiye na mtu, ambaye kazi yake ni kujibu kwa niaba ya wenzake, ili kile kinachoita kimchukue yeye, au kidanganyike kiende zake.

Ndugu wawili wa Siwema walilegea nyayo, wakalegea magoti, wakalegea shingo, wakazikwa. Watu wakasema waliitikia. Mama yao akawafuata kwa kuwawaza. Akabaki Siwema peke yake, na Jumbe Kitwana, mkuu wa kijiji, akamwita akamwambia kwamba mwenye kazi ya kuitikia hana haja ya daftari la shule tena. Tangu siku hiyo sauti ikisikika nyuma ya nyumba, watu waligeuka kumtazama yeye. Ikimwita mwanamume, alisema naam kwa sauti nzito. Ikimwita mwanamke, alisema abee. Aliyekuwa hawezi kutaja jina lake mbele ya watu watatu alijifunza kuitikia majina ya kijiji kizima.

Siku wachukuaji damu walipofika na meza yao na orodha yao, walieleza kwa upole kwamba Kitabu hakina watu wa Pambizoni, kwamba hilo ni kosa kubwa, na kwamba wanataka kulisahihisha. Walisema kweli. Walitaka watu mia. Wazee wakaenda pembeni.

"Damu ya mtu hailali ugenini," alisema Jumbe Kitwana.

"Na wakikasirika?"

"Wakasirike kwa lipi? Watapata. Wamesema damu za watu mia, hawakusema mikono mia." Wazee wakacheka. "Tena wanaita watu kwa majina, hatuwajui waliowatuma. Anayeita kwa orodha ana tofauti gani na anayeita nyuma ya nyumba? Siwema, mwanangu, njoo. Kazi yako hii."

Ilichukua siku tatu. Alibadilisha kanga, akavaa kofia, akavua kofia. Kila kidole kilichomwa mara kumi. "Shaha Mbaruku!" Naam. "Mwanashari Dadi!" Abee. "Jumbe Kitwana!" Naam. Wachukuaji waliinamia chupa zao, na masikio yao hayakujua kwamba naam haitoki kinywani mwa msichana. Naam sitini, abee arobaini. Jina la mwisho lilipoitikiwa walikunja meza, wakasema, "Asanteni nyote." Asanteni nyote, wakamwambia msichana mmoja mwenye vidole vilivyovimba.

Jina la Siwema halikuwemo kwenye orodha. Mwitikiaji hahesabiwi.

*

Sasa karatasi ilikuwa mbele yake, na kutoka katika karatasi waliinuka. Walikuja mmoja mmoja, wakasimama kuzunguka chumba, wanaume sitini na wanawake arobaini, na wote walikuwa na uso wake: Siwema mwenye kofia, Siwema mwenye ndevu za Shaha Mbaruku, Siwema mjamzito, Siwema kikongwe asiye na meno. Kila mmoja alikuwa ameinua kidole kimoja kinachovuja damu. Hawakumlaumu. Walimtazama jinsi watu wa Pambizoni walivyomtazama sauti iliposikika: jibu wewe.

Mtu mmoja akiwa watu mia, hao mia wako wapi? Wako mashambani kwao, wanalima, hawajui kwamba wapo Kitabuni na miguu yao inasemewa. Na yule mmoja yuko wapi? Yupo kila mstari, na hakuna mstari unaomtaja. Nilidhani, Siwema akawaza, natoa damu yangu ili yao ibaki salama. Kumbe niliwapaka wote kosa langu. Kosa la ndugu zangu, lililolala kwangu bila kuninyima miguu. Nikalipaka juu ya watu mia mpaka likawa rangi yao, na mtu haoni rangi anayoiona kwa wote. Nikinyamaza, mwanangu anaitwa wa kawaida, anakufa akiwa wa kawaida. Nikisema, Pambizoni inafutika. Wazee watasema nimewauza. Watasema, kuitikia ndiyo kazi yako, nani alikutuma useme? Aliyeitikia kwa wote, siku akiitwa yeye, ataitikiwa na nani?

"Mama," Pandu akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua, kama inatoka chumba cha pili. "Mbona unavificha vidole?"

"Ni mimi," Siwema akasema.

Bi Raya aliinua miwani. "Umesemaje?"

"Hao mia. Ni mimi."

"Wote ni ndugu zako?"

"Ni mimi peke yangu. Niliitikia."

Bi Raya alitabasamu kwa huruma, jinsi anavyotabasamiwa mtu ambaye huzuni imempanda kichwani. "Mama Pandu, hapa kuna wanaume sitini."

"Waite."

"Niwaite?"

"Waite, bibi. Nakuomba."

Bi Raya akaweka kidole juu ya ukurasa, akasoma kwa mashaka. "Shaha Mbaruku."

"Naam," Siwema akaitikia, na sauti ilikuwa ya mzee aliyevuta tumbaku miaka arobaini.

"Mwanashari Dadi."

"Abee," akasema bibi mwenye haraka, mwenye kitu jikoni.

Aliita majina saba, akaitikiwa na watu saba. La nane hakuliita. Alichukua kidole cha Siwema, akakichoma, akalitazama tone, akaitazama karatasi, kisha akavua miwani akaiweka chini kama kitu kilichomkosea.

"Nilikuwa nakupa haki ya ukurasa wenu," alisema, "na ukurasa wenyewe ni wewe."

"Basi sema sasa. Sema ni ugonjwa."

"Mimi nasema. Nasema mara mia. Kabati halinisikilizi mimi." Bi Raya alikuwa analia, bila sauti, kama mtu anayelia kazini. Alishika karatasi ya Pambizoni, nayo ikatoka yenyewe, bila kuvutwa, kama jino bovu. Kitabu hakikai na damu ya kweli yenye majina ya uongo. Mahali pake pakabaki ufa mweupe. Kisha Kitabu kikanena: Haijulikani.

"Kwa Mji wa Juu ulisema halipo hata kwa mmoja."

"Mtoto si wa Mji wa Juu. Kitabu kinataka apimwe kwa watu wake, na sasa hana watu." Alimshika Siwema mabega. "Nisikilize. Sihitaji mia. Nipatie kumi. Watu kumi wa Pambizoni, kila mmoja na kidole chake mwenyewe. Wakiwa hawana neno hili, Kitabu kitaona. Kumi tu, mama Pandu. Waite."

Chumba kile kilikuwa na dirisha moja, na madirisha ya nyumba ile yalitazama mahali mtu alikotoka. Siwema alilifungua, na hapo chini, karibu, kwa macho tu, kiasi cha kurusha jiwe, ilikuwa Pambizoni, mchana, na watu wake wote wamo kazini. Jumbe Kitwana alikuwa anamenya muhogo. Shaha Mbaruku alikuwa anachonga mpini wa jembe. Mwanashari Dadi alikuwa anapepeta mchele. Hawakuliona dirisha. Aliye chini haoni dirisha la nyumba ile.

"Shaha Mbaruku!" Siwema akaita. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuita badala ya kuitikia, na sauti ilimkwaruza koo.

Kisu cha mzee kikasimama juu ya mpini. Mzee akatazama chini.

"Mwanashari Dadi! Mize Kheri! Jumbe Kitwana!"

Ungo ukasimama. Kijiji kizima kikasimama, mikono hewani, macho chini.

"Mwitikiaji yuko wapi?" Jumbe Kitwana akauliza kwa sauti ya chini.

"Kampeleka mtoto wake kwa wasoma damu."

"Basi nyamazeni. Asiitikie mtu."

"Ni mimi!" Siwema akalia. "Ni mimi, Siwema! Kumi tu! Njooni watu kumi!"

Mwanashari Dadi akaukumbatia ungo wake. "Yarabi," akanong'ona, "limejua mpaka jina la mwitikiaji."

Akawaita wote. Aliwajua kwa mpangilio, naam sitini na abee arobaini, hakumruka hata mmoja. Akarudia mara ya pili. Hata walio wadogo siku ile, ambao sasa wana watoto, walikaa kimya kama walivyofundishwa, na walikuwa watu wazuri, na waliogopa. Mara ya tatu alipofika kwa Mize Kheri, kimya kilikuwa kizito mno, na ulimi wake uliozoea ukajibu wenyewe: abee. Nyuma yake, Bi Raya aliyekuwa ameshika kalamu akaiweka chini.

Huko Pambizoni watu walisikia kwamba kimejibiwa. Wakashusha pumzi. Ungo ukaanza tena.

*

Alirudi kwenye benchi. Kabati lilikuwa mahali pake, na chupa zilikuwa mahali pake, na mwanga uliopita ndani yake ulimwagika sakafuni ukiwa na rangi ya chai, mpaka karibu na miguu ya Pandu. Siwema alimkalisha vizuri. Alikishika kichwa kwa kiganja. Kilikuwa kizito kuliko alipoondoka nacho, au kiganja ndicho kilichochoka.

"Wamesemaje?" Bi Kazija akauliza.

"Sisi ni Wengineo."

Bi Kazija akataka kutania, akakitazama kichwa cha mtoto. Akajisogeza kidogo. Akaivuta ile kanga ya kwenye nafasi tupu, akaikunja nusu, nusu ya pili akaitandika wazi upande wa Siwema.

"Pandu wa Siwema!" karani akaita.

Siwema akangoja. Akamtazama mwanawe kinywani. Midomo ilikuwa imefunguka kidogo, imekaa mkao wa neno, kama mtu aliyekwisha kufikiri vizuri asikosee tena, aseme lile la wanaume.

"Pandu wa Siwema!"

Akainamisha sikio. Akasikia karatasi zikigeuzwa nyuma ya kidirisha. Akasikia mtu akikohoa mbali. Kwa upande wa kinywa hakusikia kitu.

Mara ya tatu huenda ni mtu.

"Pandu wa Siwema!"

"Naam," akasema Siwema, kwa sauti ndogo ya mwanamume wa miaka mitano.

Karani hakuinua kichwa. Aliandika: Yupo.